Kabla ya Wavu, Adabu

Usasi ni kazi ya tangu na tangu katika kisiwa cha Unguja. Kuanzia Mtende na Muyuni mpaka Charawe na Ukongoroni, katika ardhi ile ya mawe na vichaka, wazee wetu waliwinda kwa nyavu na mbwa kabla ya kuwapo ofisi yoyote ya kutoa vibali. Waliwinda kwa ajili ya kitoweo, na waliwinda ili kuinusuru mihogo yao na nguruwe mwitu. Katika shughuli hiyo watoto wa kiume walikuwapo daima, wakibeba maji, wakipiga kelele za kuwatoa wanyama vichakani, na wakitazama wakubwa wanavyofanya. Kwa hiyo swali tunalotaka kulizungumza leo si geni: ni umri gani mtoto aingizwe katika usasi, nani amwingize, na afunzwe nini kabla ya kukabidhiwa chombo cha kuulia?

Tunalizungumza sasa kwa sababu mambo mawili yamebadilika. Kwanza ni idadi ya watu. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu 476,111 katika Zanzibar nzima; sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Katika muda huo wote visiwa vyetu havikuongezeka hata shubiri moja. Ardhi ile ile inatakiwa itoe kuni, makaa, chokaa, mashamba, nyumba na mahoteli, na kinachobakia ndicho kiwe makazi ya wanyama.

Pili ni wanyama wenyewe. Paa nunga, ambaye duniani kote hapatikani ila hapa Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya, alikadiriwa kufikia 5,000 kisiwani mwetu mwaka 1983. Mwaka 1996 makadirio yalishuka chini ya 2,000, na mwaka 1999 yakafikia mia sita na kidogo. Kwa muda wa miaka 16 tu, umri wa mtoto kutoka kuzaliwa mpaka kumaliza skuli, tulipoteza zaidi ya robo tatu ya paa hao. Baadhi yao walihamishiwa kisiwani Chumbe ili kizazi chao kisikatike. Paa huzaa mtoto mmoja tu kwa kila uzazi, na kwa ajili hiyo kila jike anayeanguka wavuni huondoka pamoja na miaka ya baadaye. Zamani msasi akikosea, msitu ulikuwa mpana na uliweza kumsamehe. Wa leo hana msitu wa kumsamehe.

Juu ya jambo hili wananchi wamegawanyika katika rai mbili. Wapo wasemao kwamba mtoto asisogezwe kabisa karibu na usasi. Akae na daftari lake, na mambo ya msituni yafe pamoja na wazee. Wapo pia wasemao kwamba mtoto achukuliwe mapema iwezekanavyo, apewe panga na aonje damu, ili awe mwanamume. Sisi tunaona kwamba rai zote mbili zina kasoro, na kasoro yenyewe ni moja: kila upande umesahau mafunzo.

Tuanze na rai ya kwanza. Wenye kusema mtoto asiwinde wanadhani kwamba wasipomfundisha, hatawinda. Nani asiyewajua watoto wa vijiji vyetu? Mtoto wa miaka minane ana manati shingoni. Wa miaka kumi anajua utomvu upi wa mti hutengeneza ulimbo unaonasa ndege. Wa miaka kumi na mbili amekwisha kuokota kipande cha waya na kukitega kwenye njia ya paa. Watoto hawa ni wasasi tayari, isipokuwa hawana mwalimu. Hawajui mnyama yupi ana mimba, hawajui yupi amelindwa na sheria, na waya wakishautega huusahau, ukabaki mwituni ukiua na kuozesha bila ya mtu kufaidika. Kukataza bila ya kufundisha kumewafanya wawinde kwa siri, na jambo la siri halina mkubwa wa kulisahihisha.

Tena hao watoto ni wa Kiislamu, wamesoma au wanasoma chuoni, na ni aibu yetu sisi wakubwa kwamba hatujawaeleza hukumu ya kile wanachokiua. Ndege aliyepigwa jiwe la manati akafa papo hapo kabla ya kuchinjwa ni mzoga. Paa aliyenyongwa na waya usiku, akakutwa asubuhi amekufa, naye ni mzoga. Mambo haya yamo katika Sura ya Maida, na kila aliyehitimu chuoni amepata kuyapitia kwa ulimi. Na kumfanya kiumbe hai kuwa shabaha ya mchezo ni jambo ambalo Mtume, rehema na amani zimshukie, alilikataza waziwazi. Basi mtoto anayekwenda mwituni na manati ili ajaribu mkono wake kwa chiriku na tetere, harudi na kitoweo wala harudi na thawabu. Anarudi na mazoea ya kuua bila ya haja, na mazoea ya utotoni ni magumu kung'oka.

Ama rai ya pili, ile ya kumchukua mtoto mapema, nayo ina hatari zake. Usasi wa nyavu si mchezo. Wavu ukishasimamishwa na mbwa wakaachiwa, watu hukimbia katika mawe makali na miiba huku mikononi wana mapanga na mikuki. Nguruwe aliyejeruhiwa humgeukia aliye karibu naye, na aliye karibu mara nyingi ni yule asiyejua mahali pa kusimama. Mbwa akiwa na kichaa, mtoto ndiye wa kwanza kuumwa, kwa sababu humkimbilia mnyama aliyeanguka bila ya kungoja. Bunduki, hata ile ya marisau, si chombo cha mtoto kwa hali yoyote, na mzazi anayemshikisha mwanawe bunduki ili amfurahishe anafanya jambo ambalo huenda akalilia maisha yake yote.

Juu ya hatari za mwili kuna hatari ya nafsi. Mtoto mdogo anayeshangiliwa kwa kuua, kabla hajaelewa kuua ni kitu gani, hujifunza kwamba sifa hupatikana kwa idadi ya waliokufa. Akishakua na kuwa na wavu wake mwenyewe, atataka idadi hiyo hiyo. Huyo ndiye msasi ambaye paa nunga wanamkimbia leo.

Basi umri unaofaa ni upi? Waalimu wetu wa chuoni walitufundisha hukumu moja ambayo, ukiizingatia vizuri, ina jawabu la swali hili. Sharia imeruhusu kuwinda kwa mbwa, lakini si kwa kila mbwa. Ni lazima awe mbwa aliyefundishwa, na mafakihi wameeleza alama zake: akitumwa huenda, akizuiwa husita, akikamata hali katika windo lake, na alama hizo zionekane kwake mara kwa mara, wala si siku moja kwa bahati. Mbwa asiyekuwa na alama hizo, windo aliloliua halifai kuliwa.

Tazameni, ndugu zangu, hukumu hii ilivyo nzito. Ikiwa mbwa hana ruhusa ya kuwinda mpaka afundishwe, itakuwaje mwana wa Adamu aachiwe pasipo mafunzo? Na alama zile tatu za mbwa ndizo tunazopaswa kuzitafuta kwa mtoto. Akitumwa huenda: yaani anafuata maagizo ya mkubwa wa wasasi bila ya ubishi, anasimama alipoambiwa asimame. Akizuiwa husita: yaani mnyama akiwa mbele yake, moyo ukimdunda, mkubwa akasema "mwache huyo", mkono wake unashuka. Akikamata hali: yaani hachukui kwa uchoyo wala kwa majigambo, anangoja mgao, na anajua kwamba kilichopatikana ni cha wote waliotoka, na cha mjane na mzee waliobaki kijijini.

Katika alama hizo tatu, ya pili ndiyo kubwa. Kijana yeyote mwenye nguvu anaweza kurusha mkuki. Anayeweza kuuzuia mkuki ni wachache, na hicho ndicho kipimo cha umri. Mtoto ambaye bado hawezi kusita hajafikia umri wa usasi, hata kama ana ndevu. Ama yule anayeweza kusita, hata akiwa mdogo wa mwili, amekwisha kuingia katika njia ya kufundishwa.

Hata hivyo kijiji hakiwezi kuendeshwa kwa kupima nyoyo tu. Yafaa pawepo daraja zinazojulikana na kila mzazi, kama vile katika dini yetu mtoto huamrishwa sala akiwa na miaka 7, akatiwa adabu juu yake akiwa na miaka 10, na hesabu kamili ikaja anapobaleghe. Sisi tunapendekeza daraja nne.

Daraja ya kwanza ni ya mtoto aliye chini ya miaka 7. Huyu asiwe na manati, asiwe na ulimbo, asiende msituni na wasasi. Afundishwe kumwagia kuku maji, kumfunga mbuzi kwa kamba isiyomuumiza, na kutomtupia jiwe paka wala mjusi. Anayejua kumhurumia mnyama wa nyumbani atajua kumheshimu wa mwituni.

Daraja ya pili ni kuanzia miaka 7 mpaka 12. Huu ni umri wa kujua. Mtoto afundishwe majina: paa na paa nunga wanatofautianaje, chesi ni yupi, kima punju na tumbili wana tofauti gani. Afundishwe nyayo, kinyesi, njia, na miti ambayo wanyama hula matunda yake. Aende msituni na baba au mjomba bila ya chombo chochote, atazame na arudi. Katika daraja hii watoto wa kike nao wasiachwe nyuma. Wao na mama zao huingia vichakani kwa kuni mara nyingi kuliko wasasi, na aghalabu huwa wa kwanza kuuona waya uliotegwa.

Daraja ya tatu ni kuanzia miaka 13 mpaka 17. Kijana huyu anaweza kufuatana na wasasi akiwa mwanafunzi chini ya mkono wa mkubwa mmoja anayejulikana kwa jina, ambaye ndiye mwenye dhamana naye. Akae nyuma ya wavu, pasipo panga wala mkuki. Ajifunze kuchinja kwa kisu kikali na kwa jina la Mwenyezi Mungu, bila ya kumtesa mnyama. Ajifunze tohara baada ya kushughulika na mbwa, na ajifunze kwamba aliyeumwa na mbwa huosha jeraha kwa maji mengi na sabuni, na huenda hospitali siku hiyo hiyo, wala hangoji kesho. Na jambo moja lisiwe na mjadala: asitoke kwa usasi siku ya skuli.

Daraja ya nne ni miaka 18, umri ambao Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamtoa mtu katika utoto. Hapo ndipo kijana anapoweza kuitwa msasi, akaingizwa katika daftari, na akabeba mwenyewe jukumu la mkono wake mbele ya sheria.

Tunajua watakaosema kwamba daraja hizi ni ndefu mno. Wazee wa Kiswahili walisema samaki mkunje angali mbichi, na sisi tunakubaliana nao. Lakini kumkunja samaki ni kazi ya mkono mpole. Anayemvunja mgongo akidhani anamkunja, ameharibu kitoweo. Miaka hiyo kumi na moja, kutoka 7 mpaka 18, si ya kumchelewesha mtoto. Ndiyo yenyewe elimu ya usasi, na msasi aliyeipita atakuwa mlinzi wa msitu kuliko askari yeyote tunayeweza kumwajiri.

Historia ya visiwa vyetu inatupa mifano miwili ya kuzingatia. Mfano wa kwanza ni wa chui wa Unguja. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 palifanyika kampeni ya kuwaua chui, kwa imani iliyoenea kwamba baadhi yao walifugwa na wachawi ili kuwadhuru watu. Wasasi walishangiliwa kwa kila ngozi iliyoletwa. Ilipofika miaka ya 1990, wataalamu wengi walikwisha kukata tamaa ya kumkuta chui hai kisiwani. Leo mtoto wa Unguja anamjua chui wa kwao kwa masimulizi tu. Hatuyasemi haya ili kuwalaumu waliotangulia. Walitenda kwa hofu waliyokuwa nayo. Tunayasema ili ionekane kwamba mkono usiofunzwa kusita unaweza kummaliza kiumbe kizima katika umri wa mtu mmoja.

Mfano wa pili ni wa popo wa Pemba, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa amekaribia kutoweka kwa kuwindwa na kwa kukatwa misitu. Kilichomwokoa ni wananchi wenyewe. Katika Kidike na vijiji vingine watu waliunda vikundi vya kulinda miti wanayolala popo, na elimu ikapelekwa kwa wakubwa na kwa watoto skulini. Mwaka 2007 popo hao walikadiriwa kufikia takriban 20,000. Wapemba hawakuhitaji ukuta wala bunduki kufanya hivyo. Walihitaji kujua kwamba kile walichokuwa wakikiangusha kwa risasi kilikuwa amana yao peke yao.

Sasa tunaelekeza maneno kwa wenye dhamana. Sheria Namba 10 ya mwaka 1996 ya usimamizi na uhifadhi wa misitu ipo, na Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ipo tangu mwaka 2004. Lakini sheria iliyoandikwa Mjini haimfikii mtoto wa Mtende mpaka apatikane mtu wa kumfikishia. Maofisa wa misitu wasionekane vijijini siku ya kukamata tu. Waje pia siku ya kufundisha, wakutane na wakubwa wa wasasi kwa heshima inayowastahiki, na waseme kwa lugha nyepesi mnyama yupi ana ruhusa kwa kibali, yupi hana ruhusa kabisa, na mipaka ya msitu ni ipi. Mzee aliyewinda miaka arubaini anajua mambo ya msitu ambayo hayamo katika kitabu cha ofisi. Na ofisa ana hesabu za visiwa vyote ambazo mzee hawezi kuziona kutoka kijijini kwake. Kila mmoja anamhitaji mwenziwe.

Masheha wawe na daftari la wasasi wa shehia zao, na ndani ya daftari hilo liwepo jina la kila kijana mwanafunzi na la mkubwa aliye dhamana naye. Akikutwa kijana na waya, wa kuitwa kwanza awe mkubwa wake. Waalimu wa skuli wawaalike wasasi waadilifu darasani japo mara moja kwa mwaka, na waalimu wa vyuo, wanapofika katika Sura ya Maida, wasipite kwa kuhifadhisha tu; wasimame waeleze maana ya mnyama aliyefundishwa, na ya mzoga. Viongozi wa Chipukizi, ambao huwakusanya watoto kwa nyimbo na gwaride, watenge siku za kuwaongoza watoto hao vichakani kuondoa nyaya zilizotegwa. Mtoto aliyeondoa waya kwa mkono wake mwenyewe hatautega tena kwa wepesi.

Na kwa wazazi tuna ombi moja. Manati iliyoko shingoni mwa mwanao leo, usimnyang'anye kwa kofi ukaitupa, kwani kesho atatengeneza nyingine. Kaa naye umuulize ameua nini kwa manati hiyo, na alichokiua kilimfaa nani. Kisha mwambie kwamba Ijumaa baada ya sala, au siku nyingine isiyo ya skuli, utamchukua msituni ukamwonyeshe nyayo za paa. Iache manati nyumbani siku hiyo. Akirudi jioni na maswali, basi mafunzo yameanza, na daraja zinazobaki zitakuwa kazi yako, ya mkubwa wa wasasi na ya sheha wako.